Ndege wa Sabaki na Mida wana majina ya Kiswahili, tuyaandike

Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, nilipotoka nyumbani kwangu Malindi alfajiri pamoja na mpwa wangu, mwanafunzi wa gredi ya saba, kwenda kutazama ndege katika mlango wa Mto Sabaki na baadaye katika hori ya Mida. Ndege wa maji wa pwani yetu wana majina ya Kiswahili, na wavuvi wanayajua, lakini majina hayo hayamo katika vitabu tunavyobeba wala katika ripoti zinazoamua mambo ya fuo zetu. Kwa kuwa hayamo, mwenyeji anakuwa mgeni katika mazungumzo yanayohusu kwao mwenyewe.

Anayetaka kuwaona ndege wa pwani hapangi safari yake kwa saa ya ukutani, huipanga kwa maji. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili kabla, kwa hiyo tulikuwa katika bamvua. Maji yangekupwa hadi mwisho karibu saa tano asubuhi, kisha yaanze kujaa na kufika kilele mnamo saa kumi na moja jioni. Wakati wa bamvua bahari hurudi nyuma mbali sana, ikaacha wazi matope na mafungu ya mchanga ambayo wakati wa maji mafu hayaonekani, na ndege hutawanyika humo kula. Maji yanapoanza kurudi ndipo hubanwa pamoja na kusogea karibu na mtu. Kwa sababu hiyo tuliamua asubuhi tuwe Sabaki, na mchana tuyangoje maji Mida.

Matatu ilitushusha darajani, kilomita chache kaskazini ya mji, jua likiwa bado halijachomoza. Pale alitungoja kijana mmoja wa kijiji cha karibu ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni, na sote watatu tukashika njia ya ukingoni kuelekea baharini. Kiboko wapo katika sehemu hii ya mto, na mara mbili kijana alitupitisha mbali na matete ambamo alikuwa ameona nyayo mbichi.

Wengi wetu wakazi wa Malindi tunaujua Sabaki kwa lawama. Mvua zikinyesha bara, bahari yetu hugeuka rangi ya chai, na wenye hoteli husikitika. Mto huu wa kilomita 390 hivi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukaungana na Mto Tsavo ukawa Galana, na unapotufikia sisi huitwa Sabaki, ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya Ukambani na wa kila bonde ulilopitia. Sikatai kwamba udongo huo ni hasara kwa mkulima aliyeupoteza na kwa matumbawe yanayofunikwa nao. Hata hivyo tope hilohilo, linapotua mlangoni, ndilo linalofanya uwanda wa kulisha ndege kwa maelfu, kwa sababu ndani yake mna minyoo, kamba wadogo na konokono wasiohesabika.

Ndege wa kwanza tuliyemkaribia hakuwa mlangoni bali chini ya kichaka, kwenye kivuli, hatua kama kumi na tano kutoka tulipokuwa. Alikuwa amesimama wima bila kutikisika, rangi yake rangi ya mchanga mkavu wenye michirizi, na kama si jicho lake kubwa la manjano tungempita. Kijana akamtaja kwa Kiingereza, akaongeza na jina la kisayansi, na akatamka yote mawili sawasawa. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwa Kiswahili anaitwaje?" Huyu nilimjua kwa kuwa marehemu bibi yangu alikuwa akimtaja usiku aliposikia mlio wake: ni chekeamwezi. Mtoto alirudia jina hilo mara tatu. Hakuhitaji kuelezwa kwamba ndege huyu hutembea usiku, wala kwamba sauti yake hufanana na kicheko, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kumwambia.

Nilipomwuliza kijana kama analijua jina hilo, aliinamisha kichwa akasema, "Mwalimu, hilo sikufundishwa." Simlaumu hata kidogo. Ni hodari kuliko wengi waliosoma zaidi yake. Anatambua ndege kwa mlio, kwa namna ya kuruka, hata kwa jinsi anavyosimama dhidi ya mwanga. Lakini yote aliyojifunza aliyapata katika kitabu cha Kiingereza, na mitihani aliyofanya ilikuwa ya Kiingereza, na wageni wanaomlipa hutaka Kiingereza. Hapakuwa na mahali popote katika njia hiyo ambapo angekutana na neno chekeamwezi, isipokuwa angelala nyumba moja na bibi yangu.

Tulipofika mlangoni jua lilikuwa limepanda kiasi cha kutosha kuona rangi. Upande wa pili wa maji walisimama heroe, wapatao mia moja, wakichuja tope kwa midomo iliyogeuzwa juu chini. Karibu nao walikuwapo ndege weupe wenye mdomo bapa kama mwiko, na kwenye fungu la mchanga walilala buabua na shakwe, wote wameuelekea upepo. Miongoni mwa shakwe hao walikuwapo wa aina mbili ambazo macho ya mtu asiyezoea hayazitofautishi. Mmoja huzaliana katika visiwa vya Bahari ya Shamu na pwani za Uarabuni, na mwingine, mkubwa zaidi, hutoka kaskazini kabisa ya Urusi. Walilala bega kwa bega juu ya mchanga wa Kilifi.

Hapo ndipo tulipokutana na mzee mmoja aliyekuwa akitupa kimia kwenye maji ya kiunoni. Alipotoka kukagua wavu wake tulimwamkia, akaitikia, na mpwa wangu, ambaye tayari alikuwa amefungua daftari, akamwomba kwa adabu amtajie ndege wale. Mzee hakuwa na darubini. Alinyoosha mkono tu. "Yule mrefu mwenye mdomo uliopinda, mwanangu, ni sululu. Wale wadogo wanaokimbizana na wimbi ni vitwitwi. Wale wanaojitupa majini kichwa mbele ni buabua. Yule mweupe peke yake ni yangeyange, na yule wa kijivu aliyejikunja shingo ni kulastara." Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, akichanganya humo na majina ya Kigiriama, akieleza yupi huja na kaskazi na yupi huwapo mwaka mzima, yupi akionekana juu ya maji basi chini yake pana dagaa, na yupi akiruka kwa kelele usiku basi kuna mtu anayepita ufuoni. Kijana wetu wa kuongoza wageni alitoa simu yake akaanza kuandika naye. Nilimwona mwalimu na mwanafunzi wakibadilishana nafasi, maana mzee naye alimwomba kijana amwazime darubini, na alipomtazama sululu kwa karibu kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ana madoa."

Neno sululu linastahili kusimamiwa kidogo. Kila fundi anayechimba msingi wa nyumba anaijua sululu, chombo cha chuma chenye ncha iliyopinda. Ndege huyu ana mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, na kazi yake ni kuuchoma ardhini na kung'oa kilichojificha humo. Mtoto aliyewahi kuiona sululu ya kuchimbia hatamsahau ndege anayeitwa hivyo, na aliyewahi kumwona ndege atajua chombo kinafanya nini. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na sijaona mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi jinsi neno linavyoweza kushika mambo mawili yaliyofanana umbo na kazi.

Ni kweli, na nisingependa kuficha, kwamba majina yetu hayagawi ndege kwa wembamba ule wa vitabu. Wale aliowaita mzee vitwitwi, kijana aliwagawa katika aina sita au saba. Mmoja wao alikuwa na mdomo mwembamba uliopinda kidogo nchani, mwili usiozidi gramu 60 hivi, na alikuwa akidunga tope haraka haraka kama cherehani. Ndege huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Calidris ferruginea, huzaliana katika nyika za barafu za Sibiria ya kaskazini, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Sabaki, na huja kwetu kuikimbia baridi. Kifua chake, ambacho Februari ni cheupe, mwezi wa Aprili kabla ya kuondoka hugeuka rangi ya tofali. Mwaka 2024 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimpandisha katika daraja la hatari lililo zito kuliko la awali, pamoja na ndege wengine kadhaa wa ufuoni ambao pia huja kwetu, kwa sababu idadi yao duniani inapungua kwa kasi. Kumwita kitwitwi tu, pamoja na wenzake wote wadogo, hakutoshi tena.

Lakini upungufu huo una sababu, na sababu yake si udhaifu wa lugha. Samaki tunao changu, chewa, tasi, tafi, pono, kolekole, nguru, mkizi, na mvuvi hachanganyi hata mmoja, kwa sababu kila mmoja ana ndoano yake, msimu wake na bei yake. Miti ya mikoko ni hivyohivyo. Mida peke yake kuna mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mlilana na mkomafi, na nguzo zinazokatwa humo zina majina kwa unene wake, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo zenyewe, kwa kuwa zilijenga nyumba za Waswahili na zikapakiwa majahazini kwenda Omani na Ghuba kujenga nyumba za huko. Lugha yetu hutaja kwa undani kile ambacho watu wake wamekuwa na haja nacho. Sasa haja ya kuwatofautisha ndege wadogo wa ufuoni imekuja, na kazi iliyobaki ni kuongeza kivumishi pale panapohitajika. Kitwitwi mdomo-upinde, kitwitwi wa mawimbi na kitwitwi kifua-chekundu ni majina ambayo mtoto wa Mambrui na mtoto wa Pangani wangeyaelewa bila kamusi.

Ninasihi jambo moja katika kazi hiyo. Tusikimbilie kutafsiri majina ya Kiingereza neno kwa neno kabla ya kuwauliza wazee. Nimeona orodha ambamo ndege mwenye jina la Kiswahili la miaka mingi amepewa jina refu la kubuniwa ambalo hakuna mvuvi angelitambua, na kwa njia hiyo ndege mmoja amekuwa na jina la kitabuni na jina la ufuoni ambayo hayasalimiani. Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi za ndege, na wanaoziandika kwa kujitolea wanastahili shukrani. Kamusi zetu, kwa upande wake, mara nyingi huishia kusema "aina ya ndege", maelezo yasiyomsaidia mtu aliyesimama mbele ya ndege mwenyewe. Palipo na pengo tuwaulize Wabajuni wa Lamu, Wagiriama na Waswahili wa Malindi, Wadigo wa Kwale, Wapemba na watu wa Mafia, na jina litakaloonekana kushikwa na wengi ndilo liandikwe, huku majina ya lugha za nyumbani yakiandikwa ubavuni mwake.

Saa tano na nusu tuliondoka Sabaki, tukapita Malindi na Gede, na kufika Mida saa saba kasoro. Hori ya Mida ni mkono wa bahari unaoingia ndani kupitia mlango wake wa Watamu na kuzungukwa na mikoko. Imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, na mwaka 1979 eneo la Malindi na Watamu liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe na mazingira. Pana njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba juu ya matope, inayopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ukitembea juu yake huyumba, na chini unawaona kaa wadogo wa kiume wakipunga gando moja kubwa kana kwamba wanamwita mtu aliye ng'ambo.

Kaa hao ndio waliotuletea tuliyemfuata. Maji yalipozidi kupanda, mnamo saa nane na nusu, ndege waliokuwa mbali katikati ya uwanda walianza kusogea kidogo kidogo, wakirudi nyuma mbele ya ukingo wa maji, hadi kundi moja kubwa lilikuwa limesimama mbele yetu kwenye tope la mwisho. Walikuwa weupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya buluu-kijivu, na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa ndege yeyote mwingine wa ufuoni. Mpwa wangu alihesabu 180 akakoma kwa sababu walichanganyika. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, na katika barua hii nitamwita mla kaa, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyomwona akifanya. Mmoja wao, karibu kiasi kwamba darubini haikuhitajika, alisimama bila kutikisika kama anayesikiliza, akapiga hatua tatu za haraka, akasimama tena, kisha akashuka kwa mdomo na kuinuka na kaa aliyefungua gando zake. Alimtikisa kushoto na kulia mpaka miguu miwili ikachomoka, akamweka chini, akamgonga, akamwokota upya na kummeza mzima mzima. Tuliona shingo ikivimba na kutulia. Nyuma yake alisimama kinda la mwaka ule, kubwa karibu sawa na mzazi, la kijivu, likipiga kelele za kuomba.

Kinda kumfuata mzazi mpaka Februari ni jambo la ajabu katika ndege wa ufuoni, na lina maelezo yake. Mla kaa hazaliani kwetu. Huzaliana katika pwani na visiwa vya Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na Somalia, na ndiye peke yake katika jamii kubwa ya ndege wa ufuoni anayechimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, akitegemea joto la mchanga kumsaidia kulitunza. Kinda hutunzwa kwa muda mrefu, na wazazi huendelea kulilisha hata baada ya kuhama, ndiyo maana tuliliona likidai haki yake katika matope ya Mida. Nilimweleza mpwa wangu kwamba njia anayopita ndege huyu ni ileile ya majahazi yaliyopakia boriti, akashangaa kwamba babu wa babu yake na ndege yule walikuwa wakisafiri na kaskazi moja. Nami nilishangaa kwamba ndege mwenye uhusiano wa namna hiyo nasi, anayekuja kila mwaka kwa mamia katika hori moja tu, nilikuwa sijapata kulisikia jina lake la Kiswahili darasani, redioni wala gazetini.

Mhariri, huenda msomaji akaona kwamba haya ni mambo ya mwalimu wa lugha asiye na kazi nyingine siku ya Jumamosi. Ningependa aelewe kwa nini nayaona mazito. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wananchi ulioitishwa kuhusu kipande cha ufuo ambacho kulikuwa na mpango wa kukijenga. Tuligawiwa muhtasari wa ripoti ya mazingira, na ndani yake palikuwa na orodha ya ndege zaidi ya thelathini, yote kwa Kiingereza. Msemaji aliisoma kwa haraka, akauliza kama kuna mwenye maoni kuhusu ndege, na wazee waliokuwa wamekaa mbele hawakusema neno. Ikaandikwa kwamba hakuna maoni. Tulipotoka nje nilimweleza mzee mmoja ndege waliotajwa ni wepi, akanishika mkono akaniuliza, "Kumbe walikuwa wakisema sululu na buabua?" Akaanza kunieleza, pale chini ya mwarobaini, mahali sululu hulala maji yakijaa na mahali buabua hutua, na kwamba mahali penyewe ni palepale panapotakiwa kujengwa. Alikuwa na ushahidi wa miaka sitini kichwani mwake, na mkutano ulifungwa ukiwa umeandika kwamba hana la kusema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na inaiagiza serikali kukuza lugha za wenyeji. Ripoti inayomfikia mwananchi wa pwani ikiwa na majina ambayo hawezi kuyatambua haijamfikia, hata kama karatasi yenyewe iko mkononi mwake. Ninaomba kila orodha ya ndege, samaki au miti inayopelekwa mbele ya wananchi iwe na safu ya Kiswahili na safu ya lugha ya mahali hapo. Haya yanawezekana. Wanaohesabu ndege wa majini kila mwezi wa Januari hupita katika fuo hizi na karatasi zao, na ingetosha kuongeza safu moja na kumkaribisha mvuvi mmoja wa kila kijiji aijaze pamoja nao.

Kwa upande wa Sabaki jambo hili lina haraka zaidi. Mida ina hifadhi, ina vikundi vya vijana vinavyoitunza, na ina watu wanaoizungumzia. Mlango wa Sabaki unatambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege, lakini si hifadhi, na unategemea hisani ya kila anayepita. Asubuhi ile tuliona bikoni mbili za saruji, mpya kabisa, zimechimbiwa juu ya kilima cha mchanga ambapo mzee wa kimia alisema vitwitwi hupumzika maji yakijaa sana. Sijui ni za nani wala zinapima nini, na sina nia ya kumshuku mtu. Nasema tu kwamba siku mkutano utakapoitishwa kuhusu kilima hicho, ningetaka mzee yule awe na karatasi ambayo anaweza kuisoma, au kusomewa, akasimama na kusema yupi hulala wapi.

Shule nazo zina nafasi yao. Mtaala wa sasa unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa mazingira yake, na mwalimu wa Kiswahili wa pwani hana mazingira yaliyo bora kuliko haya. Mwanafunzi apelekwe ufuoni na daftari, awaulize wavuvi, akina mama wanaookota kombe na vijana wanaofuga kaa Dabaso, aandike majina, aeleze kila ndege kwa sentensi tatu, na insha hizo zikusanywe. Naamini kwamba katika miaka miwili tungekuwa na orodha ambayo hakuna mtaalamu mmoja angeweza kuiandika peke yake, na tungeifanya bila gharama zaidi ya nauli ya matatu.

Tuliondoka kwenye kibanda maji yalipofika chini ya mbao, lakini hatukuenda mbali, kwa sababu kijana alitushauri tungoje jua litue. Saa kumi na mbili na robo walianza kuja keremkerem wekundu kutoka bara, kwanza wawili, kisha kumi, kisha makundi yasiyohesabika, wekundu wa waridi na kichwa cha samawati, wakishuka kulala kwenye mikoko. Kila mti uliwaka. Mpwa wangu hakuuliza jina safari hii. Alilitamka mwenyewe kwa sauti, kwa sababu mzee wa asubuhi alikuwa amemtajia.

Orodha yake sasa imebandikwa katika ukuta wa darasa lao, na ina majina 23. Ina nafasi moja wazi, nayo ndiyo inayonifanya nimalizie kwa ombi kwa wasomaji wako. Mwezi wa Agosti uliotangulia, wakati wa kusi, nilikuwa nimemwona Sabaki ndege mwingine aliyenivutia sana. Ana rangi ya udongo, tumbo la kahawia linaloishia kwa weupe, na mstari mdogo mweupe chini ya jicho. Hukaa mchangani kwa makundi makubwa, na akiruka hukamata wadudu hewani kama mbayuwayu. Huzaliana Bukini, yaani Madagaska, na huja kwetu kati ya Aprili na Septemba, wakati ambapo wageni wa kaskazini wamekwisha kuondoka. Kijana wa Sabaki anamjua kwa Kiingereza, na mzee wa kimia alisema humwona kila mwaka lakini jina la Kiswahili alilolisikia kwa baba yake limempotea. Kama kuna msomaji wa Mambrui, Ngomeni, Lamu, Pemba au Mafia anayelijua, namwomba akuandikie wewe, Mhariri, nami nitamfikishia mtoto.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Malindi